Siku ya Mechi ni ya Nani?

Ratiba ya ligi ni ahadi inayofungwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Bodi inayoipanga huahidi uwanja, waamuzi na ulinzi. Klabu mbili huahidi kufika na kucheza. Shabiki anayenunua tiketi huweka fedha yake na siku yake mikononi mwa wote hao. Kwa sababu hiyo mzozo wa ratiba, hata ukianza kama ugomvi wa saa mbili tu, huishia kwenye swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia tangu zamani: siku ni ya nani, na ni sababu ipi inayotosha kuihamisha? Swali hilo huwa zito zaidi wanapokutana watani wa jadi, kwa kuwa hapo kila upande humshuku mwenzake hata kabla ya jambo lenyewe kutokea.

Wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, iko kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale Mto Rusizi unapotoka Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika. Ng'ambo ya daraja ni Bukavu, Kongo. Bonde la Bugarama, upande wa kusini, linapakana na Burundi pia. Kiswahili husikika sokoni katika mji wa Kamembe, mpakani na miongoni mwa Waislamu wa Bugarama, na habari za mpira hufuatwa kwa lugha hiyo kama zinavyofuatwa kwa Kinyarwanda. Klabu ya wilaya, Espoir, imewahi kucheza ligi kuu ya Rwanda. Lakini mpenzi wa mpira wa hapa ana dabi tatu masikioni: APR na Rayon Sports za Kigali, Muungano na Dawa za Bukavu, Simba na Yanga za Dar es Salaam. Dabi hizo ziko chini ya mashirikisho matatu, na ile ya Dar es Salaam huchezwa kwa saa nyingine. Mahali kama hapa, hakuna ratiba inayoweza kujifanya ni maumbile; kila moja huonekana wazi kuwa kazi ya watu, na kazi ya watu huulizwa sababu.

Mizozo ya miaka ya karibuni

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo hakuna mechi Tanzania inayokusanya watu kama yao. Tarehe 8 Mei 2021 mechi hiyo ilikuwa ianze saa 11:00 jioni katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku hiyohiyo Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilitangaza kwamba, kwa maelekezo ya wizara, itaanza saa 1:00 usiku. Yanga ilishikilia kanuni inayotaka mabadiliko ya muda yatangazwe angalau saa 24 kabla; ikafika uwanjani kwa saa ya awali, kisha ikaondoka. Simba ikafika kwa saa mpya. Watu waliokuwa wamekaa majukwaani tangu mchana walirudi makwao bila kuona mpira. Mechi ilichezwa 3 Julai, Yanga ikashinda 1–0.

Miaka minne baadaye tatizo lilirudi kwa sura nyingine. Mechi ilipangwa Jumamosi 8 Machi 2025, saa 1:15 usiku. Jioni ya tarehe 7 Simba, waliokuwa wageni, walifika Uwanja wa Mkapa kwa mazoezi ambayo kanuni huipa timu ngeni, wakazuiwa kuingia. Simba ikatangaza kwamba haitacheza. Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi siku yenyewe. Yanga ikafika uwanjani kuonyesha kwamba iko tayari. Yanga ilipeleka shauri hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, bila mafanikio. Bodi ikataja 15 Juni, kisha ikahamishia 25 Juni, na hapo kiporo kikaliwa: Yanga 2, Simba 0, na ubingwa ukaenda kwa Yanga.

Rwanda nayo ina kisa chake. Machi 2023 Rayon Sports ilijitoa katika Kombe la Amani baada ya mechi yake ya marudiano dhidi ya Intare FC kuahirishwa ghafla. Shirikisho la Rwanda, FERWAFA, liliishawishi irudi. Intare, klabu ndogo, ikakataa kucheza na timu iliyokwisha kujitoa, na Rayon ikasonga mbele. Juni mwaka huo Rayon ililitwaa kombe hilo mjini Huye kwa kuifunga APR 1–0.

Kuna pia visa ambavyo havikuzaa ugomvi mkubwa, navyo vinafundisha vilevile. Mechi ya kwanza ya APR na Rayon katika msimu wa 2024/25 ilikuwa ichezwe Septemba 2024. Ilisogezwa kwa kuwa APR ilikuwa na mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Pyramids ya Misri, ikachezwa 7 Desemba katika Uwanja wa Amahoro na kuisha 0–0. Ya marudiano ilichezwa hapohapo 9 Machi 2025, siku moja tu baada ya dabi ya Dar es Salaam kuvunjika, nayo ikaisha bila bao. Tarehe iliyohamishwa ilivumilika Kigali. Tarehe iliyohamishwa Dar es Salaam iliwasha moto. Tofauti haiko katika kuhamisha kwenyewe. Iko katika sababu, katika muda wa taarifa na katika nani aliyenufaika.

Mahali na wakati

Kabla ya kuuliza siku ni ya nani, inafaa kujua siku ya mechi ni kitu gani. Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda (1912–1981), alitoa jibu la kuanzia katika kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda. Aliyagawa yote yaliyopo katika makundi manne: vyenye akili, visivyo na akili, mahali pamoja na wakati, na namna za kuwa. Jambo la kuangaliwa ni kundi la tatu. Aristotle aliweka mahali na wakati katika mafungu mawili. Kagame aliona kwamba fikra za Wanyarwanda huviweka pamoja, kwa kuwa tendo lolote halijatimia kuwa tendo mpaka lipate mahali pake na wakati wake kwa pamoja.

Mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu mchezo, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kwake mchezo hujitenga na maisha ya kawaida kwa mipaka miwili: ya eneo na ya muda. Ndani ya mipaka hiyo kuna utaratibu wake, na nje yake teke lilelile halina maana. Huizinga aliona pia kwamba uwanja wa mchezo na mahali pa ibada hutengwa kwa namna moja.

Wakisomwa pamoja, waandishi hao wawili wanaonyesha kwamba saa ya kuanza ni sehemu ya mechi yenyewe, kama mistari ya chokaa ilivyo. Hakuna ambaye angekubali timu moja isogeze goli hatua kumi usiku wa kuamkia mechi. Kusogeza saa bila idhini ni tendo la jinsi hiyo, ila halionekani kwa macho, na ndiyo maana hufanywa kwa wepesi zaidi.

Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alidai kwamba wakati kwa Mwafrika wa jadi hutokana na matukio: mwaka ni mvua na mavuno, na siku za mbele zisizo na tukio la hakika karibu hazipo. Dai hilo limepingwa na wengi, akiwemo Mghana Kwame Gyekye, aliyeonyesha kwamba lugha na desturi za Kiafrika zina njia nyingi za kuwaza siku za mbali zijazo. Ratiba ya ligi inaupa nguvu upande wa Gyekye. Shabiki wa Kamembe anayejua mwezi Septemba kwamba Rayon itacheza na APR mwezi Machi tayari anaishi na siku hiyo: anaiwekea akiba, anaomba ruhusa kazini, anapanga safari ya Kigali. Siku haijafika, lakini imekwisha kuwafunga watu.

Ahadi na udhuru

Kinachowafunga ni ahadi. Waswahili wamelifupisha jambo hilo kwa kusema kwamba ahadi ni deni, na dini kubwa mbili za Rusizi zinakubaliana nao. Uislamu huhesabu uvunjaji wa ahadi kuwa miongoni mwa alama za unafiki. Ukristo humtaka muumini ndiyo yake iwe ndiyo, bila kuhitaji kiapo. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha msingi wa maadili cha mwaka 1785, alitumia ahadi ya uongo kama mfano wa tendo lisiloweza kuwa sheria ya wote: kila mtu akiahidi huku akijua hatatimiza, ahadi zenyewe zitakoma kuwapo. David Hume, kabla yake, alikuwa ameona kwamba ahadi ni desturi iliyotungwa na watu ili waweze kutegemeana. Wawili hao hawakubaliani juu ya chanzo cha wajibu, lakini kwa mpanga ratiba matokeo ni mamoja. Ligi inayohamisha tarehe ovyo haipotezi mechi moja tu. Inapoteza uwezo wa kuaminika inapotaja tarehe yoyote.

Hata hivyo, hakuna mapokeo yaliyosema kwamba ahadi haivunjwi kamwe. Sheria ya Kiislamu ina mlango mpana wa udhuru: mgonjwa na msafiri huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, lakini siku hizo hulipwa baadaye. Mfano huo una mafunzo matatu kwa mambo ya ratiba. Udhuru lazima uwe wa kweli, si wa kutengenezwa. Lazima ulingane na uzito wa kile kinachoachwa. Na wajibu haufutiki. Unahama na unabaki kuwa deni.

Visa vya Dar es Salaam vikipimwa kwa mafunzo hayo vinaonyesha kasoro tofauti. Mwaka 2021 mabadiliko yalitangazwa bila kueleza sababu ambayo mtu wa kawaida angeweza kuipima. Mwaka 2025 sababu ilijulikana, lakini pande zilitofautiana juu ya uzito wake. Simba iliona kwamba kunyimwa mazoezi ni kuvunjwa kwa kanuni, na kwamba aliyevunjiwa kanuni hafungwi tena na ahadi yake. Yanga iliona kwamba kosa la jioni moja, kama lilikuwepo, lina adhabu yake katika vitabu vya kanuni na halifuti mechi. Hoja zote mbili zina msingi. Ya kwanza inasimama juu ya usawa wa wanaoahidiana. Ya pili juu ya haki ya watu wengine waliomo ndani ya ahadi hiyo, yaani mashabiki, ambao hawakumfungia mtu geti. Hoja ya pili ina nguvu zaidi, kwa kuwa deni la klabu kwa umma halifutwi na kosa la klabu nyingine. Lakini nguvu hiyo inategemea sharti moja: aliyekosewa awe na uhakika kwamba kosa litahukumiwa haraka na kwa haki. Pasipo uhakika huo, kususia mechi huonekana kuwa ndiyo mahakama pekee iliyobaki.

Mtani ni nani

Swali la ahadi haliwezi kumalizwa bila kumwelewa yule anayeahidiwa. Katika mpira wa Kiswahili mpinzani mkubwa huitwa mtani wa jadi, na utani ni taasisi ya zamani yenye masharti. Kati ya makabila mengi ya Tanzania, watani walikuwa na ruhusa ya kudhihakiana mpaka kwenye msiba, na papo hapo walikuwa na kazi ya kusaidia mazishi. Dhihaka na huduma vilikuwa pande mbili za uhusiano mmoja. Aliyechukua ya kwanza na kuacha ya pili hakuwa mtani tena.

Rwanda ina taasisi inayokaribiana na hiyo. Katika desturi ya ubuse, koo za Abagesera, Abasinga na Abazigaba, zinazohesabiwa kuwa wenyeji wa kwanza wa nchi, huwafanyia wa koo nyingine taratibu ambazo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe, hasa pale familia inapoanza makazi mapya. Hapo fikra ni wazi: kuna mambo ya maisha ya mtu ambayo lazima yatoke kwa mtu mwingine, tena asiye ndugu yake.

Ushindi wa mpira ni jambo la aina hiyo. Bernard Suits, mwanafalsafa aliyechapisha mwaka 1978 kitabu mashuhuri kuhusu michezo, alieleza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vizuizi ambavyo mtu angeweza kuvikwepa, kwa ajili ya shughuli inayowezekana tu kwa kuvikubali. Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni mpinzani. Timu haiwezi kujifunga na kujiita bingwa, na pointi tatu za mezani hazijawahi kuimbwa mtaani mwaka mzima. Yanga inahitaji Simba iliyofanya mazoezi vizuri, kama Simba inavyohitaji Yanga iliyolala vizuri. Mwenyeji anayemwekea mgeni vikwazo usiku wa mechi anapunguza thamani ya ushindi anaoutafuta.

Nchini Marekani kuna kisa kinachoonyesha kinachotokea mtani akiondolewa kwenye kalenda. Vyuo vikuu vya Texas na Texas A&M vilianza kupambana katika mpira wa miguu wa Kimarekani mwaka 1894, na kwa miaka mingi mechi yao ilifungamana na sikukuu ya Shukrani ya Novemba. A&M ilipohamia mwaka 2012 katika ligi ya kanda ya kusini-mashariki, kila chuo kikabaki na ratiba yake, na baada ya mechi ya Novemba 2011 havikukutana tena mpaka 30 Novemba 2024, Texas yenyewe ilipokuwa imejiunga na ligi hiyo. Katika miaka hiyo yote ya katikati uhasama haukuisha. Ulikosa pa kwenda. Dhihaka ziliendelea bila mechi ya kuzijibu. Kwa lugha ya utani, dhihaka ilibaki na huduma ikaondoka. Ratiba basi haiwakutanishi watani tu. Inawapa mahali pa kuumaliza ugomvi wao kwa dakika tisini, au kwa saa kadhaa za mpira wa Kimarekani, badala ya kuubeba mwaka mzima.

Siku zilizo juu ya mechi

Kama siku ya mechi ni ahadi, si kusema kwamba ni siku tukufu. Dini zina siku ambazo hakuna binadamu aliyezipanga, na ambazo kwa sababu hiyo hakuna binadamu anayeweza kuzihamisha kwa faida yake. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: Ijumaa haimpendelei mwenye klabu, na Sabato haijui nani anaongoza msimamo.

Jumamosi ya 8 Machi 2025 inatoa mfano kwa mtu wa Rusizi. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo saa 1:15 ya usiku ya Dar es Salaam ni saa 12:15 ya jioni Kamembe, dakika chache kabla ya jua kuzama nyuma ya milima ya Kongo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Mwislamu wa Bugarama alikuwa akisubiri adhana ya magharibi afuturu. Muadventista Msabato, ambaye kanisa lake lina waumini wengi Rwanda, alikuwa akingoja jua hilohilo, kwa kuwa Sabato yake huanza machweo ya Ijumaa na kuisha machweo ya Jumamosi. Waumini wa dini mbili walikuwa wakitazama upeo mmoja wa anga kwa sababu mbili tofauti, na mechi ilikuwa imepangwa kuanza papo hapo. Mpanga ratiba wa Dar es Salaam hakuwa na sababu ya kumfikiria mtu wa Rusizi. Lakini mfano unaonyesha kwamba kila saa inayoonekana tupu kwenye karatasi ya bodi ina mwenyewe mahali fulani.

Je, ratiba ya umma ina wajibu kwa siku ya muumini? Mahakama za Afrika Mashariki zimejibu tofauti. Uganda, wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walilalamikia masomo na mitihani ya Jumamosi. Walishindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003 na katika Mahakama ya Juu mwaka 2006. Kenya, Mahakama ya Rufani mwaka 2017 iliamua kwa upande wa Kanisa la Waadventista katika shauri la wanafunzi wa shule kulazimishwa masomo ya Sabato. Mkabala wa kwanza huona kwamba taasisi inayohudumia watu wa dini zote haiwezi kupindwa na kila kalenda. Wa pili huona kwamba taasisi inayoweza kumpisha muumini bila kuumia sana ina wajibu wa kumpisha. Ligi ya mpira iko kati ya mikabala hiyo miwili: hakuna anayelazimishwa kucheza mpira kama anavyolazimika kufanya mtihani, lakini mchezaji mwajiriwa hana uhuru wote wa mtazamaji. Mskochi Eric Liddell, kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924, aliacha mbio za mita 100 kwa kuwa mchujo wake ulikuwa Jumapili, akashinda mita 400. Kisa chake husifiwa kwa uthabiti wa imani, lakini kina upande wa pili: Liddell hakudai ratiba ibadilishwe. Alibeba mwenyewe gharama ya siku yake. Msimamo huo ni wa kuheshimika kwa mtu mmoja. Haufai kugeuzwa kuwa kisingizio cha bodi kutowaza kabisa juu ya waumini.

Kalenda ya Rwanda ina pia siku za umma zisizo za dini lakini zenye uzito unaofanana. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na mechi husubiri mchana. Kwa upande wa siku za dini, Idd huleta ugumu wa namna yake: kila mtu anajua inakuja, lakini tarehe yake hungoja mwezi uandame, hivyo ratiba yenye busara huacha nafasi pande zote mbili.

Nzito kuliko zote ni wiki inayoanza 7 Aprili, ya kukumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambapo kwa kawaida ligi husimama. Rusizi, kusimama huko hakuhitaji kufafanuliwa. Uwanja wa mji, Kamarampaka, ulipewa jina la kura ya maoni ya 25 Septemba 1961. Aprili 1994 Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa katika uwanja huo, na watu wakawa wanatolewa humo kwenda kuuawa. Kwa fikra ya Kagame, mahali na wakati havitengani: uwanja huo katika Aprili si kitu kilekile ulicho katika Oktoba. Kwa wiki hiyo siku si ya bodi, si ya klabu, wala si ya shabiki. Ni ya waliouawa na ya wanaowakumbuka, na hakuna aliyewahi kuhitaji kanuni ya saa 24 ili aielewe.

Nani ahamishe, kwa masharti gani

Kutokana na yote hayo, jibu la swali la kwanza linaweza kuwekwa kwa utaratibu. Siku ya mechi haimilikiwi na mtu mmoja. Inashikiliwa kwa amana. Bodi ina mamlaka ya kuitaja, klabu zina wajibu wa kuitimiza, umma una haki ya kuitegemea. Mwenye amana anaweza kuihamisha kwa faida ya wenye haki, hawezi kuihamisha kwa faida yake.

Sharti la kwanza linahusu aina ya sababu. Mechi inaweza kusogea kwa jambo lililo juu yake, kama msiba wa taifa, hatari kwa maisha, siku kuu ya waumini, au wajibu wa mashindano makubwa zaidi unaojulikana kwa wote. Haifai kusogea kwa jambo lililo sawa nayo au chini yake: uchovu wa timu moja, majeruhi wa mshambuliaji, au tamaa ya kujaza viti zaidi. Kipimo chepesi ni kuuliza kama sababu inaweza kusemwa mbele ya mtani naye akakubali kwamba, angekuwa yeye, angeiomba vilevile. Mechi ya APR dhidi ya Pyramids ilipita kipimo hicho. Tangazo la 8 Mei 2021 halikupita.

Sharti la pili ni muda wa taarifa. Linaonekana dogo, lakini ndilo linalowagusa wanyonge zaidi. Safari ya basi kati ya Kigali na Rusizi, kupitia msitu wa Nyungwe, huchukua saa zisizopungua tano. Klabu kubwa ikiahirishiwa mechi ghafla hupata usumbufu. Klabu ya mkoani hupoteza fedha za mafuta, chakula na malazi ambazo huenda hazirudi. Vivyo hivyo kwa anayevuka daraja kutoka Bukavu kuja kutazama mechi, kwa kuwa mpaka una saa zake na hauulizi mechi imeanza lini.

Sharti la tatu ni usawa kati ya wakubwa na wadogo. Kisa cha Kombe la Amani cha 2023 kinapaswa kusomwa kutoka upande wa Intare pia. Rayon ilikuwa na malalamiko ya haki, na kujitoa kwake kulitikisa shirikisho kwa sababu ya wingi wa mashabiki wake. Klabu ndogo ikijitoa, mashindano huendelea kana kwamba haikuwahi kuwapo. Ikiwa uzito wa ahadi unategemea ukubwa wa anayeahidiwa, basi haikuwa ahadi. Ilikuwa hesabu ya nguvu.

Pingamizi kuu dhidi ya masharti haya ni kwamba mpira wa leo unaendeshwa na televisheni, wadhamini na vyombo vya usalama, na kwamba bodi haina hiari kubwa kama inavyodhaniwa. Ni kweli kwamba hiari hiyo ni finyu. Lakini pingamizi hilo linaeleza shinikizo, halifuti wajibu. Mfanyabiashara naye hushinikizwa na wadai, na bado hulaumiwa akiuza mara mbili mzigo mmoja. Bodi ikijua kwamba mrusha matangazo anaweza kutaka saa nyingine, imweleze hivyo mnunuzi wa tiketi tangu mwanzo, na mkataba uandikwe kwa namna hiyo. Kinachokatazwa ni kuahidi kwa sauti kubwa na kujiwekea mlango wa nyuma kimyakimya.

Pingamizi la pili hutoka upande wa dini: kwamba kuuzungumzia mpira kwa lugha ya amana na ahadi ni kuupandisha juu ya stahili yake. Wenye hofu hiyo wanaona kweli kwamba wapo wanaomjua mchezaji wa akiba wa Yanga kuliko jirani yao. Lakini mafundisho ya dini hayakuwahi kusema kwamba ahadi hupata uzito kutokana na ukubwa wa kilichoahidiwa. Anayeahidi kilo ya mchele anadaiwa kilo ya mchele. Mechi ni jambo dogo katika mizani ya uzima na mauti; neno lililotolewa juu yake halipimwi kwa mizani hiyo.